Mlango wa nyuma kushoto usifunguliwe

Baba, Kaka,

Mama yuko zahanati, nesi jirani kampeleka. Saa nane anahamishiwa hospitali kubwa, na wao hawana gari. Baba, njoo na pikapu. Shuka lake liko kwenye kamba, limeshakauka. Mimi natangulia kwa miguu.

Kile kioo kibovu cha mlango wa nyuma wa pikapu nimekipandisha. Waya nimeusokota kwa mkono tu, kwa hiyo mkifungua mlango ule utachomoka. Mama aingilie kulia. Vumbi la barabara ile kifua chake hakitalimudu.

Asubuhi kioo kilikuwa kimeshuka tena. Tukafanya kama kawaida yetu, mimi nabonyeza swichi, Mama anasukuma kwa viganja. Nikamwambia, "Kaza, Mama, bado kidogo tu!" Akakohoa, akakaa chini, akashindwa kuinuka.

Nesi alipoondoka naye nikabandua ganda la ndani la mlango. Fyuzi nzima, swichi nzima. Mota nikaiunga moja kwa moja na betri, ikazunguka vizuri. Ndipo nikavuta ule mpira unaofunika waya kwenye bawaba, nikakuta waya umekatika. Kumbe Mama akisukuma, mlango unatikisika na ncha za waya zinagusana. Na sisi tukasema mota imechoka, mikono ya Mama ina baraka. Miezi miwili, na kifua kile.

Kaka, ulisema digrii yangu haipandishi hata kioo. Leo kimepanda. Laiti ungekuwa umenicheka mapema zaidi, ningeukagua mlango huu mapema.

~~Mama asiambiwe habari ya waya.~~ Nitamwambia mwenyewe, maadamu bado ananisikia.

Kitindamimba wenu