Bawa la Jogoo wa Wakwe

Jumanne, 3 Agosti 2004. Kitale
Nimemaliza kuchora kibao cha kinyozi wa Kipsongo. Rangi haitoki kwenye kucha. Jioni nimerudia ile picha niliyokata kwenye kalenda kuukuu: bawa la ndege wa buluu, bawa peke yake. Mjerumani alilichora kwa rangi za maji miaka mia tano iliyopita. Hata pale lilipong'olewa hakupaficha. Naiga, naambulia patupu. Nahitaji bawa la kweli.

Ijumaa, 6 Agosti. Kanduyi
Nyumbani. Kesho wazazi wa Wafula, mchumba wangu, wanakuja kuongea mahari. Baba anasema nikiolewa rangi ziishe. Ati mke wa mtu hapandi ngazi kuchora vibao. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Sijakubali.

Jumamosi, 7 Agosti
Nimefanya. Nilipewa jogoo nimnyonyoe. Mwekundu, bawa linang'aa kijani. La kushoto nikalikata na manyoya yake, nikaficha mkobani.

Mila naijua sana: kuku wa wakwe huletwa kamili, na wao huhesabu vipande vyote. Wakahesabu. Baba Wafula akasukuma bakuli. "Huyu kuku wenu alikuwa na bawa moja?" Nikatoka jikoni nikasema ni mimi, nimelichukua nichore. Wakaondoka, ugali haujaguswa. Baba anasema nimemvua nguo mbele ya watu. Mama aliosha vyombo tu.

Naogopa. Lakini sijuti.

Jumatatu, 9 Agosti. Kitale
Ujumbe wa Wafula kwa simu: niombe msamaha, nichome makaratasi yangu. Nimejibu neno moja. Hapana.
Bawa nimelipaka chumvi, nimelipigilia ubaoni. Nachora.

Alhamisi, 12 Agosti
Linanuka. Jirani amegonga mara mbili. Chumvi haikufika mfupani, manyoya yanadondoka, na sijafika nusu. Nimelia kwa hasira. Mume nimemkosa kwa sababu ya bawa, na bawa lenyewe limeoza.
Si nitatafuta lingine, bana.

Jumapili, 15 Agosti
Muuza mboga mmoja ametoka Kanduyi na furushi la gazeti alilopewa na Mama. Ndani, bawa la jogoo, manyoya yote yapo. Limepakwa jivu, limekaushwa juu ya jiko. Halinuki kabisa.
Ati Mama amesema: hili hakuna mtu atalihesabu.
Ati Baba aliona kuku kwenye bakuli ana bawa moja, akaendelea kula.
Nimelipigilia karibu na dirisha. Nimeanza na unyoya wa juu.