Mchele Mpya wa Lusu katika Sufuria ya Shangazi

Jumamosi, mwezi wa sita. Baridi ya asubuhi imeondoka, vumbi la mtaa wetu wa Mtendeni limebaki palepale, na mimi nina furaha hata herufi zinanipotea.

Nimeposwa!

Naandika sasa hivi kabla sijapoa. Wageni wameshapanda basi la kurudi Nzega, vyombo vimejaa uani, na hakuna anayenituma kuviosha. Leo mimi ni malkia.

Lakini shajara, wewe hukijui kiburi cha nyumba yetu. Shangazi Zuhura, aliyenilea tangu wazazi wangu wafariki, ni mtu wa mjini hasa. Kwake yeye dunia ina sehemu mbili: Tabora mjini na porini. Nzega ni porini. Igunga ni porini. Tura ni pahali treni inapopumzika. Kila mgeni anayekalia mkeka wetu lazima asikie jinsi babu zake walivyoipokea misafara kutoka pwani na kuipikia pilau, wakati kwingine watu hawajui bizari ni mdudu gani. Kinyamwezi anakielewa chote, lakini akiamkiwa "mwangaluka" sokoni, hujibu "salama" na kutazama pembeni.

Na mimi, katika wanaume wote, nikampenda Maganga, mkulima wa mpunga wa Lusu, hukohuko Nzega.

Baba mdogo ndiye walii wangu, ila kila mtu anajua neno la mwisho ni la nani. Shangazi alisema hao watu wa Lusu waje, wale, na jibu atalitoa yeye sahani zikishaondolewa. Akikataa Shangazi, Baba mdogo hawezi kukubali, na mimi siwezi kuolewa kwa kumkimbia mtu aliyenilea.

Jana likafika gunia la mchele, zawadi ya mama yake Maganga, mavuno ya juzijuzi. Tulipolifungua, harufu yake ilijaa nyumba nzima. Shangazi akaona ametukanwa, kana kwamba mjini hatuna mchele. Kisha akapata wazo lake. Pilau la posa lipikwe kwa mchele huohuo, ili wauone ukifika mikononi mwa wanaojua.

Maganga alikuwa amenipigia simu: mama anasema mchele mpya hautaki maji mengi. Nikaufikisha ujumbe.

"Mtu wa Lusu anifundishe mimi maji ya pilau?"

Akamimina kama anavyomimina siku zote.

Mchele wetu wa dukani hukaa ghalani mpaka ukakauka, kwa hiyo hunywa maji. Huu ulikuwa bado una unyevu wa shamba. Sufuria ilipofunuliwa leo mchana, rangi ilikuwa nzuri, nyama nzuri, viungo vyote vipo, na pilau limeshikana hata mwiko ukasimama wenyewe. Wageni wameshaketi sebuleni! Shangazi, anayeitwa mtaa kwa mtaa kupikia harusi, akaketi tu juu ya mbuzi ya nazi. Nilimhurumia, lakini nilijihurumia zaidi. Mtu akiaibika mbele ya watu anaowadharau, atawaambiaje ndiyo?

Tukaandaa hivyohivyo. Mama yake Maganga aliitazama sahani kwa adabu, akala kidogokidogo. Maganga mwenyewe hakuinua macho.

Aliyeanza kusema ni Bibi Kabula, bibi yake Maganga, ambaye mlangoni aliitikia shikamoo yangu huku amenishika kidevu kama mbuzi wa mnadani. Alimega tonge, akameza, akamega jingine.

"Jamani, leo nimepata watu! Kila nikija mjini napewa pilau la kuhesabu punje, mimi na fizi zangu naambulia mchuzi. Huyu mwenye nyumba kaniona sina meno."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Shangazi, kwa kujitetea, akaanza ile habari yake ya misafara. Nikasema moyoni, Shangazi, si leo, tafadhali. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, tonge mkononi.

"Kweli kabisa, mwanangu. Babu zenu waliipokea. Na ile mizigo ilibebwa na nani? Si babu zetu? Wetu wakabeba, wenu wakala. Na leo mchele tumeubeba sisi, ila safari hii na sisi tumekaa kula."

Baba mdogo alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kisha nikasikia mtu anacheka, na alikuwa Shangazi. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka kichwani. Akaisogeza sinia ya nyama mbele ya Bibi Kabula, akainama kidogo, akasema, "Wabeja, maama." Asante, kwa Kinyamwezi! Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumsikia akikitamka mbele ya wageni.

Sahani zikaondolewa. Sote tukamtazama.

"Pilau la harusi mtapika nyinyi," akasema. "Maji mtatia nyinyi. Mimi nitaleta viungo tu."

Mama yake Maganga alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika stesheni. Mimi nililia, bila aibu, mbele ya wakwe zangu wote.

Sasa adhana ya magharibi imeshaisha na nyumba imetulia. Najiuliza nitakuwa mke wa namna gani huko Lusu, mimi ambaye mpunga nimeuona ukiwa ndani ya gunia tu. Lakini kuna harufu inatoka jikoni. Shangazi amejifungia huko na kisufuria kidogo na kikombe kimoja cha ule mchele. Anadhani sijui.

Nimemsikia akifunua mfuniko, kisha akacheka peke yake. Ngoja niende nikaombe sahani.