Usikubali Kupanda Jukwaani, Mama

Griftu, Wajir

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko kwetu? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Barua hii nimempa mwalimu wa kwetu anayekuja likizo, kwa sababu simu yako huiweka spika, na habari hii nataka uipate wewe kwanza.

Mutua yuko hai. Shika hilo kabla ya mengine.

Ile kazi ya udereva ng'ambo ilikuwa uongo. Walipofika walivishwa magwanda, wakapewa bunduki, wakapelekwa vitani. Sasa ametekwa na upande wa pili. Nilijua juzi nikiwa zahanati, Habiba, muuguzi mwenzangu, aliponiletea video kwenye simu yake.

"Walaal, dada yangu, tazama hii bicha. Huyu si ndugu yako?"

Alikuwa yeye, amekonda, ameketi mbele ya bendera yao. Mtu asiyeonekana anamuuliza, naye anajibu kama mtoto anayesoma ubaoni: analishwa vizuri, Wakenya wengine wasije, waliomtuma ni waongo. Huenda mengine ni kweli. Lakini mateka hachagui maneno, mama.

Mwishoni akaulizwa, "Una neno kwa mama yako?" Akaigeukia kamera. Kisha akasema, "Mama asionyeshwe hii." Na hilo nalo wakalisambaza.

Jana kijana anayemfanyia kazi mheshimiwa, mbunge wetu, alinipigia. Wanataka upande jukwaani kwenye mkutano wao, ulie, halafu mheshimiwa aahidi kumrudisha Mutua. Nikakataa. Akacheka: "Mama mwenyewe ameshakubali."

Ni kweli umekubali? Walikuambia nini?

Binamu yake Habiba alishikwa ng'ambo ya mpaka. Mama yake akalia mbele ya kamera, na waliomshika wakakichukua kilio kile wakakitia kwenye video yao. Hajarudi mpaka leo. "Mwambie hooyo, mama yako, akae nyumbani," Habiba ameniambia, huku machozi yakimlenga.

Jina la Mutua nimeshalipeleka wizara ya mambo ya nje. Nimeomba ruhusa kazini nije nyumbani, sijajibiwa.

Msalimie Ndinda, mke wa Mutua. Mwambie mumewe anapumua, mengine nitamweleza mwenyewe. Na mjomba Kioko, mzee wa kanisa, aje akae nawe hapo nyumbani.

Wakija na simu zao kukuonyesha video ile, mama, geuza uso. Ndilo jambo pekee alilotuomba Mutua.

Bintiyo anayekuwaza,
Mwende