Chapa Amevuta

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Rhotia? Na mahindi ya kule juu, tembo wameyaacha? Mimi ni mzima huku Ujerumani, na leo nina furaha mpaka chakula hakishuki.

Lakini kwanza niungame. Mwezi uliopita nilipopiga simu kwamba tumefaulu, na Mama akasimama kanisani kutoa shukrani, nilikuwa nimekosea. Kazi yangu ni kufungamanisha chembe nne za mwanga, ziwe na hali moja ambayo huwezi kuieleza chembe kwa chembe. Nisipothibitisha kwamba zote nne zimefungamana, shahada sina. Profesa alitazama hesabu zangu akaniuliza, "Una hakika si mbili mbili?" Nikazipitia upya. Kipimo changu kilionyesha tu kwamba baadhi zimefungamana. Huenda leo hii na ile, kesho hii na nyingine. Ukichanganya siku zote unadhani zimeshikana zote. Nililia, Baba. Aibu ya Mama iliniuma kuliko yangu.

Ndipo nikakumbuka maksai wetu wanne. Plau ilikuwa inakwenda vizuri, nikakuambia wote wanavuta. Ukasema, "We Paskalina, plau kwenda si hoja. Angalia mnyororo." Na kweli, mnyororo wa mbele ulikuwa umelegea. Chapa na mwenzake walikuwa wanatembea tu, wavivu wale!

Basi nikaanza upya. Nikazigawa chembe kwa kila namna, moja kwa tatu, mbili kwa mbili, nikatafuta kiwango ambacho makundi yaliyotengana hayawezi kukivuka hata uyachanganye vipi. Wiki tatu tunapima. Chembe ya nne ilitusumbua sana, nikaiita Chapa. Jana asubuhi namba ikapanda, ikapanda, ikavuka! Mwenzangu Mjerumani, mtu mpole ajabu, akaruka na kupiga kelele kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Chapa amevuta!" Profesa ameniambia nianze kuandika.

Nisalimie kaka Daniel anayeshika plau siku hizi, shangazi wa Endabash, na katekista aliyetusomea lile tangazo la shukrani. Mama mwambie naomba radhi, nilimsimamisha mapema. Jumapili asimame tena, na safari hii asiogope kitu. Wote wanne wanavuta.

Ni mimi binti yako, niliyedanganywa na plau mara mbili,
Paskalina