Nilimpa Wifi Viazi vya Dalia Visivyoota

Mpendwa Shangazi Kabura, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ijayo, maana jambo nililolifanya mwezi wa tatu nikidhani ni dogo limekua hadi linaninyima raha, na mume wangu Kipkirui nimeshindwa kumwambia kwa sababu anayeumia ni dada yake.

Nimeolewa hapa Endebess miaka kumi na minne, na mama mkwe wangu, aliyeaga dunia mwaka jana mwezi wa kumi na moja, alikuwa na maua ya dalia yaliyojulikana mpaka sokoni, mekundu, makubwa kama sahani, na hakuuza hata moja, ila mtu akifiwa aliyakata akampelekea, na kila kiangazi aliyachimbua kwa sababu ya fuko wanaokula mizizi, akagawanya viazi vyake na kuvihifadhi kwenye katoni yenye majivu, na ni mimi peke yangu aliyenifundisha kwamba kiazi cha dalia si kama kiazi cha kula ambacho huota popote, hiki jicho lake liko shingoni tu, pale kinaposhikana na shina, na ukikikata chini ya shingo, hata kiwe kinene namna gani, kitaoza ardhini.

Mama aliugua miaka miwili, nikamwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na Jelimo, binti yake wa pekee aliyeolewa Kapsokwony, alikuja mara mbili tu, halafu siku ya mazishi akasimama mbele ya watu akaeleza vile alivyompenda mama, watu wote wakalia naye, na mimi nilikuwa jikoni nikipakua chakula na hakuna aliyetaja jina langu. Niliumia, Shangazi. Kwa hiyo alipokuja mwezi wa tatu kuchukua sehemu yake ya viazi, kama mama alivyotuagiza tugawane, niliingia stoo nikamchagulia vile vinene zaidi, kumi na viwili, nikavikata shingo vyote, nikavifunga kwa gazeti. Alinishika mikono akasema, "Asante sana Mama Chepkorir, wewe ni dada yangu kabisa. Hii nitapanda mbele ya nyumba, nikiamka naona mama."

Yeye ni mkulima wa viazi vya kula, hivyo hakushuku chochote, aliona ni vinene akajua vitaota, na mvua ya mwezi wa nne ilipokuja yangu yakatoka na sasa yana maua, lakini yeye kila Jumapili ananipigia simu kusema bado. Mwanzoni alikuwa anacheka. Wiki iliyopita hakucheka, aliniambia, "Mama Chepkorir, nimechimbua moja nikapata imeoza. Si unaona mama alienda akiwa na hasira na mimi? Ati hata maua yake imenikataa." Ameacha kushiriki meza ya Bwana kwa kuwa anajiona hastahili, na Jumapili ijayo akina mama wa kanisa lake wanakuja kuombea hapo alipopanda, ati laana itoke.

Nimefikiria niende kwake Jumatano, siku anayoenda soko, nifukie miche yangu michache pale, akirudi aone maua yametoka, ajue mama amemsamehe, na mambo yaishe bila mtu kuaibika. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Mimi mwenye hatia, Endebess
(Majina tumeyabadilisha.)

Mama Chepkorir, barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini, nikatoka nje kung'oa magugu kwanza, maana hasira niliyokuwa nayo haifai kuandikiwa mtu.

Nianze na haki yako. Kumuuguza mtu miaka miwili, kumwosha na kumgeuza kitandani, si mchezo. Waliosimama kwenye mazishi yale bila kukutaja walikukosea, na wa kwanza ni mume wako. Pole sana. Uchungu huo si wa kujitungia, na ningekuwa hapo ningekutoa jikoni kwa mkono wangu.

Lakini ulichokifanya stoo, dada yangu, hakiitwi uchungu. Ni ukatili. Ulifundishwa siri ya maua yale na mama mwenyewe, halafu ukatumia mafunzo yake kumwadhibu mtoto wake. Tena ukachagua vinene ili ushukuriwe! Wanasema hasira hasara, na hasara yako umembebesha mwenzako. Unaniambia Jelimo alikuja mara mbili tu. Mbona huniambii ni kwa nini? Naona hata hukumuuliza.

Sasa hiyo safari ya Jumatano, isahau. Mkulima atarudi kutoka soko akute mche uliojaa majani pahali palipokuwa patupu asubuhi, na unafikiri hatajiuliza? Njia ya mwongo ni fupi. Na hata asipogundua, bado utakuwa unamsemea marehemu. Kwanza ulimfanya amlaani binti yake, sasa unataka kumfanya amsamehe, na yote mawili mama hakuyasema. Kuhusu maua yake alisema neno moja tu: mgawane.

Fanya hivi. Leo jioni mwambie Kipkirui, na umwambie yote, pamoja na lile la mazishi. Ijumaa chimba mche mmoja wenye afya, mkubwa, viazi vyake vyote vikiwa na udongo wake. Punguza matawi yabaki nusu, uufunge kwa gunia lililoloweshwa. Jumamosi asubuhi panda gari uende Kapsokwony wewe mwenyewe. Usitume mtu, na hili si jambo la simu.

Ukifika, gunia liache nje. Usiingie nalo kama mgeni aliyeleta zawadi. Usianze na mazishi, wala usianze na vile unavyoteseka, kwa sababu hapo yeye ndiye anayeteseka. Sema: "Jelimo, mama hakukukasirikia. Viazi vile nilivikata macho mimi, nikijua." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikutukana, pokea. Akikueleza kwa nini hakuja mama alipokuwa mgonjwa, sikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hapo ndipo unaweza kumwambia kwamba nawe uliumia.

Akikuambia uondoke, ondoka. Mche uache kivulini, umwambie aupande jua likipoa na aufungie kijiti. Kiangazi kikifika, mpelekee nusu kamili ya viazi vya mama, vyenye shingo zake, hata kama bado hasemi nawe. Na usimpigie kila Jumapili kumuuliza kama amekusamehe. Yeye amengoja tangu mwezi wa nne. Sasa ngoja wewe.