Masikio ya Mume Wangu Fundi

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana mimi na mume wangu ni mafundi cherehani, yeye anapima na kukata, mimi nashona, mwaka wa ishirini na mbili huu, na amani iliniondoka pale dada aliponitumia ujumbe kwenye simu kwamba mwenye mkunjo kwenye ndewe ya sikio ubongo wake unaisha, basi nikamvizia mume wangu amesinzia kitini, nikampima, nikakuta mikunjo miwili, nikalia, kisha nikahamia kwa wateja, mwalimu mkuu anao, mama mkwe anayo mitatu na nikamwambia, akanijibu, "Mwanangu, ungenipima kiuno, gauni langu likaisha," na tangu hapo hanisemeshi. Mume wangu naye siku hizi uso umekauka kama amenuna, anaburuta ndara, vipimo anaandika kwa tarakimu ndogo zisizosomeka mpaka wateja nawaita niwapime upya, na juzi koti la bwana harusi kalikatia mikono miwili ya kushoto, nikakata mwingine kimyakimya asijue, lakini hayo ni uzee tu. Ninachoomba kujua, mafuta ya kunyoosha masikio niliyomnunulia dukani nimpake asubuhi au jioni?

Mke wa fundi

Marahaba, mke wa fundi.

Masikio ya watu yaache. Nimejitazama kwenye kioo, mikunjo ninayo, na safu hii bado naiandika mwenyewe. Mafuta yarudishe dukani, na mama mkwe kamwombe radhi leo hii, ukiwa na gauni lake mkononi.

Sasa nisikilize. Umepima masikio ya mtaa mzima, halafu jambo lenyewe ukalipitisha mbiombio: uso, miguu, mwandiko, mikono miwili ya kushoto. Mimi si daktari na jina la ugonjwa sitakupa, ila hayo si ya kusingizia uzee ukaendelea kushona. Nakugombeza kwa sababu ulijua. Mtu hafichi kosa ambalo hajaliona. Umeogopa, mama, na ningekuwa wewe ningeogopa pia.

Wiki hii mpeleke hospitali. Beba daftari la vipimo la zamani na la sasa, daktari auone mwandiko wenyewe. Lakini kwanza funga duka mapema, kaa naye, umwambie kuhusu lile koti. Usidhani utamshtua. Fundi anaujua mkono alioukata na ambao hakuukata. Anasubiri wewe uanze.