Ishirini na Wawili kwenye Karatasi, Kumi Uwanjani

Alhamisi, alasiri. Mvua.

Imeanza kabla ya swala ya alfajiri na mpaka sasa haijaomba ruhusa ya kupumzika. Mbele ya kibanda changu cha cherehani barabara imekuwa uji. Asubuhi nzima hakuingia mteja, ila kuku wa jirani, na yeye hana nguo ya kushonesha. Basi nimekaa na simu, naandika hapa yale ninayoona haya kuyasema kwa mdomo.

Nimechoka. Si kuchoka kwa mwili. Mwili wangu, kwa wanaoujua, ulichoka zamani na tumeshazoeana.

Keshokutwa Jumamosi timu yetu inacheza mchujo. Mechi moja tu, hapahapa Kibiti, na timu ya Utete. Atakayeshinda anapanda ligi ya mkoa. Atakayefungwa anarudi kwenye timu zilezile na viwanja vilevile ambako mbuzi wanakatiza wakati wa kona. Tumeisubiri mechi hii miaka tisa. Miaka yote tisa kocha ni mimi, kwa sababu mwaka ule wa kwanza nilikuwa na filimbi na wenzangu hawakuwa nayo.

Na sina wachezaji.

Kwenye karatasi ya ligi ninao ishirini na wawili. Ukiyasoma yale majina utasema mashallah, kikosi kipana hicho. Hata mimi nimeyasoma hivyo msimu mzima. Tuliposhinda mechi nne mfululizo watu walianza kuniita profesa, nikawa navaa miwani ya kusomea hata pale ambapo hakuna cha kusoma. Ukweli ni kwamba walikuwa walewale kumi na mmoja, wiki baada ya wiki, na Mungu alikuwa anawatunzia magoti. Sifa nikachukua mimi.

Halafu bahati ikaisha, tena kwa siku chache.

Beki wangu wa kushoto alikwenda kutafuta kaa kwenye mikoko akakanyaga chaza. Unyayo umefunguka kama bahasha. Winga wa kulia kadondoka kwenye mnazi. Anasisitiza kwamba haukuwa mnazi mrefu, kama vile tunaomuuguza tunabishania urefu, na mkono wenyewe umefungwa plasta. Straika kachanika msuli nyuma ya paja. Huyu angalau kaumia kwa mpira. Kipa wa akiba ana homa. Na Jumapili, dakika za mwisho za mechi iliyotuingiza kwenye mchujo, nahodha wangu Shamte, beki wa kati, aliruka kupiga kichwa akatua vibaya. Goti la kushoto. Ukelele wake niliusikia toka benchi, na mimi sikio langu moja ni la mapambo tu.

Mwenye hesabu ni Mwalimu Neema, katibu wetu. Ni mtu wa Kilimanjaro, aliletwa huku kufundisha shule ya msingi akatupenda kwa bahati mbaya yake. Jana baada ya mazoezi alifungua daftari akawa anakata majina kwa rula, taratibu, kama anasahihisha mtihani.

“Kumi, Kocha.”

“Na wale saba waliobaki?” Nikauliza kama mtu asiyejua.

Akaniangalia juu ya miwani yake. “Wale saba ni wa kwako.”

Kweli. Ni wa kwangu.

Huku kwetu mtu akikufaa, humwambii ahsante ukaenda zako. Mwenye nyavu hupelekewa kitoweo. Sufuria la kuazima halirudishwi tupu. Sasa mwanzo wa msimu Mzee Kindamba alitupa boti lake kila tulipokwenda kucheza kule visiwani, kwenye delta. Mwingine akatoa mipira. Mwingine akatulisha mchele wa kambi. Walikuwa watu saba, na mimi fundi cherehani ningewarudishia nini? Nikawarudishia namba mgongoni. Jezi nilizishona mwenyewe. Ningekomea hapo ingekuwa heri, lakini nikawaandika na kwenye fomu ya usajili, nikawapiga picha za leseni, kila mmoja na kofia yake mkononi.

Siku orodha iliposomwa kwa kipaza sauti, Mzee Kindamba, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye kitambi kinachotangulia kufika uwanjani, alisikia jina lake na namba kumi na saba, akasimama, akafuta machozi. Mimi nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Mwalimu Neema alinionya siku ileile. “Hizi nafasi hazirudi, Kocha. Dirisha likifungwa limefungwa.” Nikamjibu, dada yangu, huku pwani tunaishi kwa watu. Jibu zuri sana lile. Nililipenda hata mimi.

Vijana waliokosa nafasi niliwaambia msimu ujao. Mmoja wao hakuungoja. Anacheza Utete, na nasikia huko wana mabeki wa kushoto watatu. Watatu! Mimi wa kwangu mmoja yuko mkekani na mguu juu ya mto.

Ndipo jana jioni mmoja wa wazee wa timu akanivuta pembeni na shauri lake: tuchukue mamluki wawili wa ndondo, zile mechi za mtaani, kule Mkongo, waingie kwa leseni za wale saba. Kijana wa miaka ishirini aingie kwa picha ya Mzee Kindamba! Nilicheka mpaka nikakohoa. Kicheko kikaishia njiani nilipokumbuka nani aliyetufikisha mahali ambapo mtu mzima, mcha Mungu, anatoa shauri la namna ile.

Mzee Kindamba mwenyewe kanipigia leo asubuhi. “Ndugu yangu fundi, mie niko fiti. Tangu jana nakimbia sebuleni. Wajukuu wote wanakuja Jumamosi.” Nilikuwa nimejiandaa kumwambia aje akae benchi atupe moyo. Nikajikuta nasema ahsante, Mzee.

Ningemwambia nini? Ndiye mchezaji wangu wa kumi na moja.

Haya yote ningeweza kuyacheka. Nimeyacheka jana na juzi. Linalonikaa kifuani ni la leo saa sita mchana, na sijamwambia mtu.

Shamte alikuja. Kapita kwenye tope lile kanyooka, na suruali ndefu, anatembea kama askari wa gwaride. Shamte ni fundi muashi, anapanda ngazi kila siku na ndoo begani. Daktari kule Mchukwi kamwambia apumzike wiki sita, na kwamba goti likiteguka tena kabla halijapona, kazi ya ngazi aisahau.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba. Umekuja na mguu gani?”

“Yote miwili. Hebu nitazame.”

Akachuchumaa, akainuka, anacheka. Mdomo wa juu umejaa jasho, na leo baridi ya mvua imenivalisha sweta.

Nikavua futi yangu shingoni. Nikamwambia akunje suruali. Goti la kulia, inchi kumi na tano. La kushoto, kumi na saba. Nimepima watu miaka ishirini na sita, nawajua wateja wanaovuta tumbo ndani futi ikipita. Goti halivutiki ndani.

“Futi yako imelegea hiyo.”

“Imelegea kwenye goti moja tu?”

Akacheka kidogo, kisha akaacha. “Kipindi cha kwanza tu, Kocha. Dakika arobaini na tano. Nikikaa nje tunafungwa, na wewe unajua.”

Najua. Ninajua sana. Shamte akiwepo nyuma, wale vijana wengine wanacheza kama watu wenye baba nyumbani. Tungeweza kujilinda, tukapata sare, tukaenda kwenye penalti, na penalti hazina profesa. Haya yote yalinipita kichwani nikiwa nimechutama mbele ya goti la mtoto wa watu.

Nikalipima tena.

Naliandika hili kwa sababu nisipoliandika nitajidanganya baadaye. Nililipima tena nikitaka lipungue. Na nikaivuta ile futi. Si sana, kiasi kile ninachokijua mimi na fundi mwenzangu yeyote. Ikasoma kumi na sita na nusu. Na moyo wangu, na uzee wote huu, ukasema: nusu inchi hiyo, si haba.

Nilipoinua uso, Shamte alikuwa kafumba macho, kakamata ukingo wa meza ya cherehani kwa mikono miwili. Angeniacha nivute mpaka ifike kumi na tano.

Nikaiachia.

“Huchezi.”

“Kocha...”

“Huchezi, Shamte.”

Akaachia ukingo wa meza, mvua inapiga bati. Kisha akasema, wala si kwa hasira, ndiyo maana limeniuma: “Ningekuwa na mwenzangu wa kunipokea pale nyuma, nisingekuja hapa kukubembeleza.”

Nikairudisha futi shingoni.

Alitoa mfukoni kitambaa cha unahodha, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. Akateremsha suruali yake. Akaondoka akichechemea, kashika nguzo ya kibanda, halafu ukuta wa jirani, halafu hana tena cha kushika, akawa anakwenda vivyo hivyo kwenye tope. Hakukuwa tena na wa kumficha maumivu. Nilimtazama mpaka kona.

Nimemtumia Mwalimu Neema majina kumi na moja kwa simu. Siku zote hunijibu kwa kunisahihisha, hapa nimekosea jina, pale namba. Leo kaandika neno moja tu: Sawa.

Sitegemei tushinde. Nimeipanga timu nikageuza kila upande, kama kitambaa kifupi cha mteja mnene, na hakuna upande kinakotosha. Miaka tisa ya watu imefika kwenye mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa unagawa namba kama karamuni.

Kesho ni Ijumaa. Kila Ijumaa kabla ya mechi huwa naomba mabao, tena kwa idadi, Mungu anisamehe. Kesho sitaomba bao hata moja. Nitaomba wale kumi wanirudie na miguu yao, na Mzee Kindamba arudi na pumzi yake, na siku moja Shamte akipita mbele ya kibanda hiki aniamkie.